Neno "Baridi" katika Nchi ya Kilimanjaro

Mtu wa pwani akisema "baridi", mara nyingi ataja jambo jema: maji baridi kwa mwenye kiu, upepo wa baridi kwa aliyechomwa na jua. Basi ajapo Moshi huja na maana ile ile, na nguo azichukuazo huifuata. Hapo ndipo penye hatari, nasi twaona yafaa kuieleza.

Majira twayataja kwa majina ya pwani, lakini uzito wake si mmoja. Masika, toka Machi hata Mei, ndiyo yenye mvua kubwa; njia za mlimani huwa tope na utelezi. Kipupwe, toka Juni hata Agosti, huko pwani ni faraja. Huku mawingu huulalia mlima, na watu wa Machame, Kibosho na Marangu huvaa sweta na makoti. Vuli huja mwisho wa mwaka, nayo ni fupi. Januari na Februari ni wakati wa joto kali mjini.

Lakini kujua majira hakutoshi. Sharti tuulize na kimo. Mji wa Moshi una kimo cha mita 800 na zaidi. Kilele cha Kibo ni mita 5,895. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Kwa hiyo, siku ambayo mwenye duka mjini hutokwa na jasho, maji huganda kileleni.

Neno hili lina habari yake. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann aliona weupe juu ya mlima, na kiongozi wake aliutaja kwa neno moja tu, "baridi". Leo twasema "theluji", lenye asili ya Kiarabu, na "barafu", lenye asili ya Kiajemi.

Sasa mavazi. Mjini yatosha nguo nyepesi, kofia ya jua, na sweta ya jioni. Katika migomba na msituni, ambako mvua ni nyingi kuliko mjini, achukue koti la mvua na viatu visivyoteleza. Kupita hapo, aache pamba, maana ikilowa hukawia kukauka na kuuondolea mwili joto; sufu hutia joto hata ikiwa na unyevu. Tena nguo tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine zafaa kuliko moja nene: apandapo apunguze moja kabla ya kutoka jasho, na apumzikapo airudishe upesi. Glovu, soksi nzito na kofia ya sufu zisikosekane.

Wala tusimsahau mpagazi. Wako wapagazi waliokufa kwa baridi mlimani, hali mizigo waliyoichukua ilikuwa ya kuwastarehesha wengine. Ndiyo sababu shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project, lililoanzishwa mwaka 2003, huwaazima nguo za mlimani bila malipo.

Basi mwalimu apelekaye watoto hata kituo cha Mandara, penye mita 2,700 hivi, asitosheke na kuwaambia, "Kuna baridi." Kila mtoto atalisikia kwa kadiri ya baridi aijuayo kwao. Afadhali azitazame nguo zao moja moja kabla ya safari, kwa kuwa asiye na sweta huona haya kusema.