Nani anaongea na nani? Chora ramani ya kikundi chenu

Hebu fikiria, msikilizaji. Kamati ya BMU imekubaliana mwamba wa pweza ufungwe. Mwenyekiti ametangaza kikaoni, katibu ameandika kwenye kundi la WhatsApp. Asubuhi maji yakikupwa, akina mama wako mwambani na vijiti vyao kama kawaida. Hawakukaidi. Habari haikuwafikia.

Katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, bahari moja ina watu wengi wasiokutana: wa nyavu, wa mishipi, wa madema, wachokoa pweza, wachuuzi. Orodha ya wanachama inaonyesha nani yumo. Haionyeshi nani anaongea na nani.

Kwa jirani zetu Kenya jambo hili limewahi kuchunguzwa. Mwaka 2006 Beatrice Crona na Örjan Bodin walichapisha utafiti wa kijiji kimoja cha wavuvi wa pwani. Waliona wavuvi hupeana ujuzi zaidi na wenzao wa zana ileile. Na waliokuwa na ushawishi mkubwa, waliounganisha makundi, walikuwa wavuvi wa maji makuu. Sasa, mtu anayevua mbali atahisi vipi uharibifu ulio karibu na ufukwe? Watafiti hao waliona huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kijiji kutochukua hatua pamoja.

Ramani kama hiyo haihitaji kompyuta. Ugumu uko kwenye swali. Ukiuliza "Unashirikiana na nani?" utajibiwa kwa adabu: "Na wote." Uliza jambo lililotokea: "Wiki iliyopita, habari za bei ya samaki ulizipata kwa nani?" Kila mtu ataje watatu tu. Watu 20 wana jozi 190. Mkichora zote, karatasi itakuwa kama wavu uliosokotana. Kila mtu awe duara, na mshale utoke kwa mtoa habari uende kwa mpokeaji. Tumieni penseli, maana mtabishana na kufuta.

Msihangaike na mwenye mishale mingi. Huyo mnamjua tayari. Mtafuteni mwenye miwili tu, mmoja kutoka kwa wavuvi na mwingine kwenda kwa akina mama. Pengine ni mchuuzi anayenunua kote kuwili. Akienda Mtwara mjini wiki mbili, pande hizo zimekatika. Huyo apewe mwenzake.

Lipo swali lisiloulizwa kabisa: nani hutoa taarifa za wanaovua kwa baruti. Karatasi yenye jibu hilo ikipigwa picha na kusambaa, mtu anaweza kuumizwa. Asiyetaka kuchorwa naye aachwe. Mkimaliza, ichaneni karatasi. Kwenye daftari la kikao andikeni jambo moja tu: nani atampelekea nani habari, kabla ya bamvua lijalo.