Mbona kwenye kompyuta yangu ilikuwa inafanya kazi?

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho swali hili halikosi. Mtu kaandika programu yake vizuri, kwenye kompyuta inakwenda bila shida, akiipandisha kwenye seva anakutana na "403 Forbidden" au "Permission denied". Wengi hukimbilia kuandika programu upya. Jamani, subirini kwanza. Mara nyingi shida ni nani anaruhusiwa kugusa faili gani.

Nichukue mfano ninaoujua. Kikundi chetu kinasaidia jumuiya ya watumia maji kule Oldonyo Sambu, barabara ya Namanga. Msoma mita anapita boma kwa boma, anapiga picha ya mita kwa simu, picha inapanda kwenye mfumo, bili inatoka. Upande ule wa Mlima Meru ni mkavu, uniti moja ya maji si jambo la mzaha. Picha ikipotea, ugomvi wa bili unaanza na msoma mita hana ushahidi. Siku ya kwanza kwenye seva kurasa zote zilifunguka, ila picha hata moja haikuingia.

Kwenye kompyuta yako wewe ndiye mwenye mafaili, na wewe ndiye unayeendesha programu. Kwenye seva ya Linux mpo wawili: wewe unayepandisha mafaili, na mtumiaji anayeendesha seva ya wavuti, ambaye kwenye Ubuntu na Debian huitwa www-data. Huyo hana undugu na wewe. Folda yetu ya picha ilikuwa mali ya akaunti tuliyopandishia; www-data aliweza kuisoma, kuandika ndani yake hawezi.

Anza na kumbukumbu za makosa. Za Nginx ziko /var/log/nginx/error.log, na mistari ya mwisho kwa kawaida hukutajia faili lililokataliwa. Kisha andika ls -l. Utaona ruhusa za watu watatu: mwenye faili, kundi lake, na wengine wote. Kusoma (r) ni 4, kuandika (w) ni 2, x ni 1. Ndiyo maana 644 ni mwenyewe kusoma na kuandika, wengine kusoma tu.

Hiyo x ndiyo inayowachanganya watu. Kwa faili ni ruhusa ya kuliendesha. Kwa folda ni ruhusa ya kupita. Faili linaweza kuwa wazi kabisa, lakini lango moja la nje likifungwa hakuna anayelifikia. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu hutengeneza folda za watumiaji chini ya /home kwa ruhusa ya 750, kwa hiyo ukiweka tovuti yako humo unapata 403 huku faili lenyewe halina kosa. Andika namei -l ikifuatiwa na njia nzima ya faili, uone malango yote kwa mpangilio. Amri hii naipenda kuliko zote, na wengi hawajawahi kuisikia.

Halafu kuna wale wa chmod 777. Inafanya kazi, sikatai! Lakini umempa kila aliye kwenye seva hiyo uwezo wa kubadilisha mafaili yako, pamoja na lile lenye nywila ya hifadhidata. Sisi tuna majina na namba za simu za wanakijiji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kazini tangu Mei 2023. Folda ziwe 755, mafaili 644, faili la nywila 640, na folda ya picha peke yake tumpe www-data kwa chown.

Ukipata 404, hilo ni jingine: angalia herufi. Windows haijali Mita.JPG na mita.jpg, Linux inajali.

Mwisho jaribu kama yeye, usijaribu kama wewe: sudo -u www-data touch, ukimalizia na njia ya folda ya picha na jina la faili lolote. Seva ikinyamaza bila kulalamika, futa hilo faili, mpigie simu msoma mita aendelee.