Sarafu Nane, Jedwali Moja

Mfumo wowote wa malipo unaohudumia nchi zaidi ya moja hauna budi kujua, kwa kila sarafu, ni tarakimu ngapi hufuata nukta ya desimali. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4217 kimelijibu swali hilo. Shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina tarakimu mbili. Shilingi ya Uganda haina hata moja, na vivyo hivyo faranga ya Rwanda na ya Burundi. Riali ya Omani ina tatu, kwa kuwa riali moja ni baiza elfu moja. Mifumo mingi huhifadhi pesa kama namba kamili ya kipande kidogo kabisa cha sarafu ili kukwepa makosa ya desimali, hivyo namba 5000 huwa shilingi hamsini zikiwa za Kenya, shilingi elfu tano zikiwa za Uganda, na riali tano zikiwa za Omani. Anayekosea hapa anaweza kumtoza mteja mara mia ya deni lake, au kumlipa sehemu ya mia ya haki yake.

Waandishi wa programu huziorodhesha sarafu hizi katika inamu, yaani aina ya data ambayo thamani zake zote zimetajwa kwa majina tangu mwanzo. Tatizo huanza pale kila jina linapotakiwa kuambatana na jambo lake: idadi ya desimali, jina kamili, alama ya kuchapisha kwenye risiti. Njia inayomjia mtu haraka ni kauli ya swichi: ikiwa ni ya Kenya, mbili, ikiwa ni ya Uganda, sifuri, na kuendelea, tawi baada ya tawi. Kisha swichi ya pili huandikwa kwa ajili ya majina, na ya tatu kwa ajili ya alama, kila moja katika faili lake. Msimbo huo hufanya kazi vizuri hadi siku orodha inapokua, na orodha hukua. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Mfumo ulioandikwa mwaka 2015 kwa sarafu tano za jumuiya leo unahitaji nane, na kila nyongeza humlazimu mtu kuzisaka swichi zote zilikojificha. Akiisahau moja yenye tawi la chaguo-msingi linalojibu mbili, programu haitalalamika. Kwa Sudan Kusini, Kongo na Somalia jibu hilo litasadifu kuwa sahihi, jambo linalojenga imani isiyostahili. Siku riali ya Omani itakapoongezwa, riali tano zitasomwa kuwa hamsini.

Hoja yangu ni kwamba swichi ni chombo cha kuamua hatua ya kufuata, ilhali idadi ya desimali za sarafu si uamuzi bali ni taarifa. Taarifa hukaa kwenye jedwali, na jedwali bora ni lile lililo kando kabisa ya jina lenyewe. Tangu toleo la 5 la mwaka 2004, Java inaruhusu kila thamani ya inamu kubeba taarifa zake: jina la sarafu, na papo hapo desimali zake na alama yake. Atakayeongeza sarafu bila kutaja desimali, na inamu ikawa haina njia ya kuundwa pasipo namba hiyo, atakataliwa na kompaila kabla programu haijaendeshwa. Swali la programu nzima linabaki kuwa mstari mmoja wa kuiuliza sarafu taarifa yake.

Wapo wanaosema kwamba swichi ina kasi zaidi. Hilo halina uzito: kompaila kama GCC, ikikuta swichi ambayo matawi yake yanarudisha namba tu, mara nyingi huigeuza yenyewe kuwa safu ya namba.

Pingamizi zito ni jingine. Swichi hukaguliwa, wanasema, na jedwali halikaguliwi. Ni kweli kwamba GCC hutoa onyo swichi ya inamu isiyo na chaguo-msingi inaporuka thamani, kwamba Rust hukataa kabisa msimbo wa namna hiyo, na kwamba swichi yenye kurudisha thamani, iliyokamilishwa katika Java 14 mwaka 2020, hudai matawi yote. Ni kweli pia kwamba jedwali baya ni hatari kuliko swichi. Katika C, safu inayojazwa kwa majina ya inamu ikirukwa nafasi, pengo hilo hujazwa sifuri kimyakimya, na sifuri ni jibu halali la Uganda, kwa hiyo hakuna ukaguzi wa thamani utakaoligundua. Ninachokitoa katika ukweli huu ni sharti juu ya aina ya jedwali: liwe lile ambalo upungufu wake ni kosa la kompaila, kama inamu ya Java yenye taarifa zake au aina ya Record katika TypeScript, ambayo hudai kila ufunguo uwepo. Hata pale swichi inapokaguliwa kikamilifu, bado haiponyi ule mtawanyiko: ukweli kuhusu sarafu moja hubaki umegawanywa mahali pengi sawa na idadi ya maswali yanayoulizwa juu yake.

Wengine huhofia, na kwa haki, kwamba inamu itageuka ghala la kila kitu, hadi rangi za vitufe vya skrini. Taarifa ya namna hiyo ikae kwenye jedwali la sehemu inayoihitaji. Java ina EnumMap kwa kazi hiyo, ambayo kwa ndani ni safu tu; kwa kuwa haidai funguo zote, iandamane na jaribio linalopitia thamani zote za inamu na kukataa ikiwa yoyote imekosekana. Nafasi ya thamani katika orodha isitumiwe kama namba ya kuhifadhi kwenye hifadhidata, kwani atakayepanga majina upya kwa alfabeti atazibadilisha sarafu za miamala ya zamani.

Swichi inabaki na kazi yake pale kila thamani inapodai hatua tofauti kweli: muamala uliokamilika hutumiwa risiti, ulioshindwa hurudisha pesa, unaosubiri huulizwa tena baada ya muda. Matawi hayo hayafanani kwa umbo. Yale ya desimali yanafanana neno kwa neno isipokuwa namba ya mwisho, na mfanano huo ndio unaoonyesha mahali pa kuanzia kuusafisha msimbo.