Gari linapopinduka kwenye filamu: hesabu iliyo nyuma ya sekunde chache

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kuitazama filamu ambamo gari linakimbizwa kwa kasi, linaruka hewani, kisha linaviringika barabarani mara tano au sita huku vioo na vyuma vikitapakaa. Siku hizi wapo watazamaji wanaokata shauri kwamba mambo hayo yote hutengenezwa kwa kompyuta. Si kweli, walau si yote. Mara nyingi gari ni la kweli, na ndani yake ameketi binadamu.

Binadamu huyo kwa kawaida si yule mwigizaji mashuhuri ambaye sura yake tunaiona kwenye tangazo la filamu. Ni dereva mbadala, mtu aliyebobea katika sarakasi za magari. Na tatizo lake la kwanza, ajabu ni kwamba, si kulizuia gari lisipinduke. Tatizo lake ni kulipindua. Wahandisi wa magari wamefanya kazi kwa miaka mingi ili gari likae imara juu ya magurudumu yake manne, na sasa anatakiwa mtu wa kulipindua mbele ya kamera, mahali palepale palipopangwa.

Njia ya zamani, ambayo hadi leo haijaachwa, ni jukwaa. Magurudumu ya upande mmoja hupandishwa kwenye jukwaa au bomba la chuma lililoinuka kidogo kidogo; upande huo unanyanyuka, na gari linalala ubavu. Kasoro yake ni kwamba jukwaa lazima lifichwe nyuma ya gari jingine au rundo la takataka, na mtazamaji mwenye jicho kali huliona.

Mwaka 1974 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo McQ, ambayo nyota wake alikuwa John Wayne. Humo ndimo mbinu ya mzinga ilipoonekana kwa mara ya kwanza. Bomba nene la chuma lilichomelewa kwenye sakafu ya gari, mdomo wake ukielekea chini. Ndani ya bomba kikawekwa kipande cha nguzo, na nyuma ya nguzo baruti. Baruti ikilipuka, nguzo inaipiga ardhi kwa nguvu, na kwa kuwa ardhi haisogei, gari ndilo linalorushwa. Aliyeijaribu mbinu hiyo kabla ya filamu kupigwa ni Hal Needham, mmoja wa mabingwa wakubwa wa kazi hii. Baruti ilizidi kipimo, na Needham akavunjika mgongo. Mwenzake, Gary McLarty, ndiye aliyeketi nyuma ya usukani siku ya kupigwa picha.

Leo mahali pa baruti pamechukuliwa na gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa, kwa sababu mgandamizo wake unaweza kupimwa kwa usahihi zaidi. Lakini mzinga peke yake hautoshi. Dereva hufika kwa kasi iliyokubaliwa, huvuta breki ya mkono ili gari liteleze kiubavu, na katika nukta hiyo tu hubonyeza kitufe. Akibonyeza mapema, gari linarushwa likiwa bado limeelekea mbele na linaweza kuangukia pua. Akichelewa, kasi imekwisha kupotea na gari linabiringika mara moja, likalala. Baada ya kitufe hana tena la kufanya. Hukusanya mikono kifuani na kushika mikanda, maana mkono ulioachwa huru ndani ya gari linaloviringika huvunjika kwa urahisi.

Mfano mzuri ni filamu ya James Bond ya mwaka 2006, Casino Royale. Bond analiendesha gari lake aina ya Aston Martin DBS usiku, ghafla anamwona mwanamke amefungwa kamba na kulazwa barabarani, anamkwepa, na gari linapinduka. Tukio hilo lilipigwa katika uwanja wa kufanyia majaribio ya magari wa Millbrook, nchini Uingereza. Wataalamu walijaribu kwanza kutumia jukwaa dogo, lakini gari liligoma: ni pana, na uzito wake uko chini, karibu kabisa na ardhi. Ikabidi wafunge mzinga wa gesi nyuma ya kiti cha dereva. Dereva mbadala, Adam Kirley, alikuja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 110 kwa saa, akabonyeza kitufe, na gari likaviringika mara saba. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kikaliandika jina lake.

Rekodi hiyo ilivunjwa katika filamu ya The Fall Guy, iliyotoka mwaka 2024, na ambayo yenyewe inasimulia maisha ya mtu wa kazi hiyohiyo. Logan Holladay aliliviringisha gari aina ya Jeep mara nane na nusu kwenye ufuko wa bahari nchini Australia.

Watu hawa hutokaje wazima? Gari unaloliona kwenye filamu lina sura tu ya gari la dukani. Ndani yake hujengwa kizimba cha mabomba ya chuma, ili paa lisimbonyee dereva. Tangi la mafuta huondolewa na kuwekwa jingine dogo lenye mafuta ya kutosha kazi hiyo tu, kwani petroli kidogo humaanisha moto kidogo. Mifuko ya hewa, ambayo humwokoa msafiri wa kawaida, hapa huondolewa, kwa sababu ikifumuka mapema humziba dereva macho. Vivyo hivyo mitambo ya kielektroniki inayozuia gari lisiteleze. Kuteleza ndiko kunakotakiwa. Na gari likiwa ni la kuruka, mara nyingi huongezwa uzito kwenye buti, maana injini iliyo mbele huivuta pua chini mara tu magurudumu yanapoachana na ardhi.

Kuhusu kuruka, hakuna kisa kinachonivutia kama cha filamu nyingine ya Bond, The Man with the Golden Gun, ya mwaka 1974. Nchini Thailand, gari aina ya AMC Hornet liliruka juu ya maji kutoka daraja lililovunjika, likajizungusha hewani mzunguko mzima kama parafujo, likatua upande wa pili kwa magurudumu yake. Hesabu zake zilitoka katika kompyuta ya maabara ya Cornell, mjini Buffalo, Marekani, kwa programu iliyotungwa ili kuchunguza ajali za barabarani. Yaani chombo kilichokusudiwa kupunguza ajali ndicho kilichotumika kuipanga moja. Usukani na kiti vilihamishiwa katikati ya gari ili uzito usiegemee upande mmoja, kasi ikapangwa kuwa kiasi cha kilomita 64 kwa saa, na dereva Loren Willert akafaulu kwa jaribio la kwanza. Baadaye watengenezaji wakapachika juu ya tukio hilo sauti ya filimbi ya kuchekesha, uamuzi ambao wapenzi wengi wa filamu hizo hawajausamehe.

Kompyuta ya leo ina kazi yake pia. Katika Mad Max: Fury Road, ambayo sehemu kubwa ilipigwa katika jangwa la Namib nchini Namibia mwaka 2012, magari yalikuwa ya kweli na watu walining'inia kweli, kompyuta ilisaidia kufuta kamba za usalama zisionekane.

Hata hivyo hesabu hukosea, na anayelipa si dereva kila mara. Mjini Paris, Agosti 1999, wakati wa kutengeneza filamu ya Taxi 2, gari lililopaswa kuruka na kuangukia rundo la maboksi lilipitiliza na kuwagonga wapiga picha wawili. Mmoja alifariki dunia, mwingine akavunjika miguu. Nchini Uingereza, Septemba 2007, fundi mmoja wa filamu ya The Dark Knight aliuawa katika mazoezi: alikuwa akipiga picha kutoka dirishani mwa gari lililokwenda sambamba na gari la sarakasi, nalo likagonga mti. Dereva aliye ndani ya kizimba ana mikanda na kofia ngumu. Mpiga picha ana kamera mkononi.

Kwa miongo mingi tuzo za Oscar, zilizoanza kutolewa mwaka 1929, zilimheshimu mshona nguo, mpambaji wa nyuso na fundi wa sauti, lakini hazikuwa na nafasi ya ushindani kwa watu hawa. Aprili 2025 waandaaji wake walitangaza kwamba tuzo ya ubunifu wa sarakasi za filamu itaanzishwa kwa filamu zitakazotoka mwaka 2027, na mshindi wa kwanza atajulikana katika sherehe ya 100, mwaka 2028.