Kalima: Kioo kikijaa potopoto na maji hayatoki, shofere anaweza kuanza kutengeneza nyumbani

Barabara inayounganisha Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, na Kalima, katika teritwari ya Pangi, ina urefu wa kilomita zinazokaribia 100. Ni udongo mwekundu. Kiangazi vumbi linafunika kila kitu. Mvua ikinyesha, vumbi lile linageuka potopoto. Shofere anayekutana na lori anajua kitakachofuata: tairi linarusha tope, na kioo cha mbele kinafunikwa mara moja.

Ni hapo mtu anavuta kijiti cha pembeni ya usukani ili maji yatoke. Katika magari mengi ya kwetu, hayatoki. Vifuta-kioo, vile tunavyoita esuiglasi, vinatembea juu ya tope kavu na kulipaka kioo chote. Mwandishi wa makala hii amesafiri ndani ya jeep ya namna hiyo. Shofere alisimama mara kwa mara, akashuka na chupa ya maji na kitambaa, akaosha, tukaendelea. Kati ya kituo kimoja na kingine, alikuwa anachungulia njia kupitia nafasi ndogo isiyopita upana wa sahani.

Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokimbia kilomita 40 kwa saa linapita mita 11 kila sekunde. Sekunde tatu bila kuona ni mita 33. Ndani ya mita hizo kunaweza kuwa na mama aliyebeba mihogo, mtoto wa shule, au pikipiki yenye abiria wawili. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani unataka gari lenye vifuta-kioo liwe pia na chombo cha kuoshea kioo.

Wengi wanaacha ubovu huu kwa sababu gari linaendelea kutembea, na kwa sababu wanaamini dawa yake ni kuagiza pompi mpya Kindu au Bukavu. Lakini mara nyingi pompi ni nzima. Kinachohitajika ni kutafuta kwa mpangilio, kuanzia kitu kisicholipwa.

Maji yanapita wapi?

Chini ya kapo kuna tangi la plastiki. Chini ya tangi, au ubavuni mwake, kuna pompi ndogo ya umeme. Ukivuta kijiti, umeme unapita kwenye fyuzi, ile fizible ya mafundi wetu, unafika kwenye pompi, na maji yanasukumwa ndani ya tiyo nyembamba hadi kwenye matundu madogo yanayorusha kwenye kioo.

Kabla ya kugusa chochote, zima gari na uache mota ipoe. Hakikisha tangi ni lenyewe: mfuniko wake huwa na picha ya kioo na maji yanayoruka. Tangi la maji ya radiata linafanana nalo, na kulifungua likiwa moto kunaweza kukuunguza uso. Kumimina maji ya sabuni ndani yake, au kwenye mafuta ya breki, ni kuleta hasara kubwa zaidi.

Sikiliza kwanza

Jaza tangi maji safi. Washa kontakti bila kuwasha mota, vuta kijiti, na umwambie mtu asikilize karibu na tangi.

Akisikia mlio lakini maji hayatoki, umeme unafika. Njia ya maji ndiyo yenye shida. Fuata tiyo kwa vidole kutoka kwenye tangi. Inaweza kuwa imechomoka, imekunjwa, imepasuka kwa joto au imeliwa na panya. Ichomoe karibu na matundu, kisha jaribu tena. Maji yakiruka pale, matundu ndiyo yameziba. Ingiza sindano nyembamba taratibu kwa nje, kisha sukuma maji kwa seringe mpya ya famasia, kutoka nje kuelekea ndani, ili uchafu urudi ulikotoka. Usitumie nguvu, tundu lisipanuke.

Maji yasipofika hata pale, rudi nyuma hatua moja moja. Kwenye tiyo mara nyingi kuna kizuizi kidogo cha plastiki kinachoruhusu maji kwenda mbele tu. Kikiziba, hakuna kinachopita. Kikichoka, maji yanarudi kwenye tangi na unavuta kijiti muda mrefu kabla ya kuona tone. Kina alama ya mshale: mshale uelekee kwenye kioo.

Tiyo ikipasuka, kata sehemu mbovu na uende nayo sokoni. Tiyo ya benzini ya pikipiki, ambayo haikosekani palipo na pikipiki, inaweza kuziba pengo ikiwa upana wa ndani unalingana. Chagua mpya, isiyopitisha benzini bado.

Pakiwa kimya

Asiposikia mlio wowote, tafuta umeme. Tazama fyuzi kwanza: mchoro wa kwenye mfuniko wa kisanduku unaonyesha ilipo. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye namba ileile ya ampea. Usifunge waya wala karatasi ya pakiti ya sigara. Ndivyo nyaya zinavyoungua na gari kushika moto. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna nyaya zinazogusana au pompi imekwama. Hapo mwite fundi wa umeme.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa plagi ya pompi. Tope na unyevu vinaacha kutu ya kijani kwenye meno yake. Yasugue kwa brashi kavu ya meno, kausha, rudisha. Kama bado kimya, toa pompi na uipelekee umeme moja kwa moja kutoka kwenye batri kwa waya mbili zenye fyuzi, kwa sekunde moja au mbili tu. Ikizunguka, kasoro iko kwenye kijiti au nyaya. Isipozunguka, sasa ndiyo wakati wa kununua. Angalia volti: magari madogo hutumia 12, malori mengi 24.

Unapotoa pompi, weka beseni chini, maana maji yote yatamwagika. Mpira unaoizunguka ukiwa mgumu au umepasuka, badilisha. Unapourudisha, ulainishe kwa maji ya sabuni. Gundi itakusumbua siku nyingine ya kufungua.

Maji gani?

Uharibifu mwingi unaanzia kwenye bidoni. Maji ya mto yana mchanga na udongo unaoziba matundu. Sabuni ya unga inaacha povu na ukoko. Ukikosa maji maalumu ya kuoshea kioo, maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi ni bora. Kwetu hakuna barafu, kwa hiyo dawa ya kuzuia kuganda haina kazi.

Lakini maji matupu yasikae miezi kwenye joto. Mwaka 2010, watafiti wa Uingereza walihusisha maji matupu ya tangi hili na bakteria ya Legionella, ambayo ikivutwa kwa pumzi inaweza kuleta nimonia kali. Osha tangi ukiona utelezi wa kijani, na ubadilishe maji mara kwa mara. Tangi likiwa tupu, usiendelee kuvuta kijiti: maji ndiyo yanayopoza pompi.

Kazi yote hii inaweza kuisha katika saa moja uani, kwa sindano, seringe, brashi ya meno na kipande cha tiyo. Kisha, kila asubuhi ya safari, vuta kijiti mara moja gari likiwa bado limesimama nyumbani. Kama maji hayafiki katikati ya kioo, utajua ungali Kalima, kabla hujakutana na lori njiani.