Kipuri cha Pikipiki Kuukuu: Jina, Namba na Kipimo

Hapana shaka kila msomaji wa jarida hili amepata kusimama mbele ya duka la vipuri vya pikipiki. Mteja hufika, hutaja jina la kitu anachokitaka, na muuzaji hukitoa rafuni akasema, "Hiki kinaingia." Kwa mambo mengi neno hilo linatosha. Boliti ya kushikia kibao cha namba ikiingia, kazi imekwisha. Lakini kwa vipuri vya breki, magurudumu na shokapu, kuingia ni jambo moja na kufaa ni jambo jingine. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti iliyopo baina ya mambo hayo mawili, na kuonyesha jinsi mtu mwenye kipimio cha vernia, kalamu na hesabu za shule ya sekondari anavyoweza kukitambua kipuri kinachofaa kabla ya kukitegemeza maisha yake.

Mfano tutakaoutumia ni pikipiki moja ya mbio iliyoundwa Japani, yaani Kawasaki GPZ900R. Tumeichagua kwa sababu historia yake yenyewe ni somo.

Mtambo wenyewe

GPZ900R ilianza kuuzwa mwaka 1984, nayo iliendelea kuundwa, kwa marekebisho ya hapa na pale, hadi mwaka 2003. Injini yake ina silinda nne zilizopangwa kwa mstari mmoja na vali 16, nayo hupozwa kwa maji. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 72.5, na pistoni husafiri milimita 55. Kwa takwimu hizo mwanafunzi anaweza kuukokotoa mwenyewe ujazo wa injini. Nusu kipenyo ni sentimita 3.625, eneo la duara ni sentimita za mraba 41.3, tukilizidisha kwa 5.5, kisha kwa silinda nne, tunapata sentimita za ujazo 908. Injini hiyo ilitoa nguvu-farasi zipatazo 115, ikaweza kuikimbiza pikipiki zaidi ya kilomita 240 kwa saa. Wengi waliiona kwa mara ya kwanza katika sinema ya Top Gun ya mwaka 1986.

Jambo linalotuhusu zaidi, hata hivyo, ni umri wake. Mtambo uliokaa kiwandani kwa karibu miaka 20 huacha nyuma yake vizazi kadhaa vya vipuri. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya mwaka 1984 aliye hai leo ana njia tatu: kutafuta kipuri cha asili, kuchukua kipuri cha kizazi cha baadaye cha pikipiki ile ile, au kutumia kipuri cha mtambo mwingine kabisa. Kila njia ina elimu yake.

Kuzisoma namba

Elimu ya kwanza ni kusoma. Kipuri cha Kawasaki hupewa namba yenye sehemu mbili zinazotenganishwa na kistari. Tarakimu tano za mwanzo hueleza aina ya kitu: 92049 ni oilsili, 92055 ni pete ya mpira ya kuzibia, 92045 ni beringi. Tarakimu zinazofuata kistari huonyesha ni kipi hasa miongoni mwa vya aina hiyo. Faida yake ni kubwa. Namba ile ile ikionekana katika orodha za vipuri za pikipiki mbili tofauti, basi kipuri ni kile kile, hata kama majina ya pikipiki hizo hayafanani hata kidogo. Mtu anayetafuta kwa jina la pikipiki hupata mlango mmoja tu. Anayetafuta kwa namba hufunguliwa milango mingi.

Beringi zina lugha yao, nayo haina kampuni wala taifa. Tuchukue beringi iliyoandikwa 6204. Tarakimu mbili za mwisho, 04, zikizidishwa kwa 5, hutoa kipenyo cha tundu la ndani: milimita 20. Kipenyo cha nje ni milimita 47 na unene ni milimita 14, popote ilipotengenezwa. Herufi 2RS zikifuata, zinaeleza kwamba ina viziba vya mpira pande zote mbili. Beringi ya 6204 inayouzwa Kariakoo kwa ajili ya pampu ya maji ina vipimo vile vile vya beringi ya 6204 iliyomo katika gurudumu la pikipiki ya Kijapani. Anayejua jambo hili hasubiri miezi mitatu kuletewa kwa meli kitu kilicho mtaa wa pili. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba ubora wake ni wa kuaminika, kwa maana vipimo vikilingana chuma chaweza kutolingana.

Oilsili nayo huandikwa vipimo vyake vitatu. Maandishi 41 × 54 × 11 yana maana ya milimita 41 ndani, 54 nje, na kina cha 11.

Parafujo zataka uangalifu zaidi. Boliti yenye tundu katikati, ile ipitishayo oili ya breki, katika vipuri vingi vya Kijapani ina kipenyo cha milimita 10 na hatua ya meno ya milimita 1.25. Katika vipuri vingi vya breki vya Kiitaliano kipenyo ni kile kile, bali hatua ni milimita 1.00. Ukiingiza moja katika nafasi ya nyingine itakubali mizunguko michache, kisha itakaza. Fundi asiyejua hudhani kuna uchafu, akaongeza nguvu. Meno huliwa, na breki hubaki imefungwa kwa kitu kisicho na mshiko. Hapa kipuri "kimeingia", na hapo hapo ndipo hatari ilipo.

Vipuri vina ukoo

Tuirudie GPZ900R. Pikipiki za mwanzo zilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 16 na shokapu za mbele zenye mabomba ya milimita 38. Mwaka 1990 gurudumu lilifanywa la inchi 17, mabomba yakawa ya milimita 41, na diski za breki zikapanuliwa. Mwenye pikipiki ya zamani hupenda kuyapata mageuzi hayo, hasa kwa kuwa matairi ya mbio ya inchi 16 yamekuwa adimu tangu viwanda vilipohamia inchi 17. Je, yawezekana?

Hebu tuanze na tairi. Tairi la mwanzo liliandikwa 120/80-16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kikiwa asilimia ya upana huo, yaani asilimia 80 ya 120, ambayo ni milimita 96. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 406. Kipenyo cha gurudumu zima basi ni 406 na mara mbili ya 96, jumla milimita 598. Tairi la baadaye ni 120/70-17. Ubavu ni milimita 84, rimu ni milimita 432, na jumla ni milimita 600. Tofauti ni milimita mbili tu! Rimu imekua, ubavu umepungua, na kimo cha pikipiki hakikubadilika. Laiti mtu angeweka rimu ya inchi 17 na kubaki na ubavu wa milimita 96, sehemu ya mbele ingeinuka kwa zaidi ya sentimita moja, na tabia ya usukani katika kona ingebadilika.

Sasa tutazame mabomba. Kutoka milimita 38 hadi 41 ni ongezeko la asilimia nane hivi. Lakini kwa bomba lenye ukuta wa unene ule ule, ukinzani dhidi ya kupinda hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Uwiano wa 41 kwa 38 ni 1.079, kipeo chake cha tatu ni karibu 1.26. Milimita tatu zimeongeza ukakamavu kwa robo nzima.

Hata hivyo bomba nene haliingii katika vibano vilivyoundwa kwa bomba jembamba. Vibano vikibadilishwa, ekseli nayo hubadilika. Ekseli ikibadilika, gurudumu hubadilika. Gurudumu likibadilika, diski hubadilika, na nyuma yake kalipa, yaani chombo kinachobana pedi juu ya diski. Mwisho wa mnyororo huo ni silinda kuu iliyo kwenye usukani. Kwa sababu hiyo mafundi wenye uzoefu hawanunui kimoja kimoja. Hununua sehemu ya mbele yote, kutoka pikipiki moja iliyobomolewa, kwa kuwa vipuri hivyo vilikwisha kupatanishwa na waliovisanifu. Vipuri vina ukoo, na anayemchukua mtoto mmoja hana budi kuwajua nduguze.

Mkono unapodanganya

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu huko Uingereza, jirani yangu alikuwa na pikipiki ya mbio ya Kijapani ya miaka ya 1980, si ya aina tuliyoitaja. Silinda kuu ya breki ya mbele, ambayo mafundi wetu huiita masta silinda, ilianza kuvuja. Katika yadi ya vyuma kuukuu alipata nyingine, iliyotoka katika pikipiki kubwa zaidi. Iliingia bila taabu. Akabana wenzo, akaukuta mgumu kama jiwe. "Sasa nina breki," akaniambia kwa furaha.

Siku chache baadaye alifika kwenye njia panda, akabana kwa nguvu zake zote, na pikipiki ikauvuka mstari wa kusimamia ikaenda kutulia katikati ya barabara. Usalama wake ulikuwa kwamba hapakuwa na gari linalopita. Jioni ile tulizipima silinda zote mbili kwa vernia. Ya zamani ilikuwa ya milimita 14. Mpya ilikuwa ya milimita 16.

Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, alieleza kwamba kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea kwa usawa pande zote. Kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo, na eneo la pistoni hufuata mraba wa kipenyo. Mraba wa 14 ni 196. Mraba wa 16 ni 256. Kwa hiyo mkono ule ule, ukibana kwa kani ile ile, ulikuwa ukitoa kanieneo iliyo 196 kwa 256 ya ile ya awali, yaani pungufu ya karibu asilimia 23.

Mbona basi wenzo ulikuwa mgumu? Kwa sababu pistoni pana husukuma oili nyingi kwa safari fupi. Kazi ni kani mara umbali; kilichopungua katika kani kilipungua pia katika umbali wa wenzo. Rafiki yangu aliuhisi ufupi wa safari akadhani ni wingi wa nguvu. Mkono wake ulimdanganya, na vernia ikasema kweli.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Silinda kuu ikiwa nyembamba mno kwa kalipa kubwa, wenzo hufika kwenye usukani kabla pedi hazijabana barabara. Jambo la kuangaliwa, basi, ni uwiano wa maeneo baina ya silinda kuu na pistoni za kalipa, wala si ukubwa wa kipuri chochote peke yake.

Uzito wa jambo hili waweza kukadiriwa. Pikipiki na mpandaji wenye jumla ya kilo 300, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, wana nishati mwendo ya jouli 115,000 na zaidi. Kwa kilomita 200 kwa saa nishati hiyo huwa mara nne. Yote sharti igeuzwe kuwa joto na pedi chache zenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti.

Kipya kinachozeeka rafuni

Yafaa pia ikumbukwe kwamba vipuri vya asili vilivyohifadhiwa miaka 30 katika karatasi yake si lazima viwe vizima. Chuma kilichopakwa grisi husubiri, mpira hausubiri. Oilsili, mipira ya breki na matairi hukauka na kupasuka hata visipotumika. Tairi lina tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Oili za breki za aina ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, nao unyevu hushusha kiwango cha kuchemka. Kwa hiyo kopo lililofunguliwa zamani halifai kitu.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kulionyesha jambo la silinda kuu kwa gharama ndogo. Chukua bomba za sindano tatu zisizo na sindano: mbili za ukubwa mmoja na moja kubwa zaidi. Unganisha mbili zilizo sawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji bila hewa, kisha weka kitabu kizito juu ya moja na kusukuma nyingine kwa kidole. Halafu badili ile unayoisukuma kwa bomba kubwa. Wanafunzi wapime vipenyo, wakokotoe maeneo, na waandike umbali ambao kila pistoni imesafiri. Wataona kwamba bomba kubwa huinua kitabu kwa safari fupi, bali kidole huchoka zaidi. Mwisho waachie hewa kidogo iingie ndani ya mpira, nao watajua kwa nini fundi hutoa hewa katika breki kabla ya kumkabidhi mtu pikipiki yake.

Mwanafunzi aliyefanya jaribio hilo, siku atakapoambiwa dukani, "Hiki kinaingia," atajibu kwa adabu, "Ahsante, mzee wangu. Naomba kwanza nikipime."