Sokwe kutekwa kwa fidia: hadithi ya mchezo wa video iliyotokea kweli Lubumbashi

Mwaka 1995, studio moja ya Uingereza ilitoa mchezo wa video wenye kisa hiki: mamba mmoja, jambazi wa baharini, anamteka gorila na kudai fidia. Ndugu za gorila wakitaka arudi nyumbani, ni lazima watoe akiba yao yote ya ndizi. Watoto wa nchi nyingi waliucheza mchezo huo huku wakicheka.

Mwezi wa Septemba 2022, kisa kama hicho kilitokea Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga. Safari hii hakuna aliyecheka.

Usiku wa kuamkia tarehe 9, watu wasiojulikana waliingia katika kituo cha J.A.C.K., kinachotunza sokwe yatima mjini humo. Waliondoka na watoto watatu wa sokwe: César, Hussein na Monga. Baadaye mke wa mwanzilishi wa kituo alipokea ujumbe kwenye simu, pamoja na video ya wanyama hao. Watekaji walidai fedha nyingi, la sivyo wanyama wangedhuriwa.

Studio ya kijijini

Mchezo huo wa mwaka 1995 unaitwa Donkey Kong Country 2. Ni sehemu ya pili ya mfululizo ulioanza mwaka 1994, kazi ya studio ya Rare, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Tim na Chris Stamper. Studio hiyo iko Twycross, kijiji kidogo katikati ya Uingereza. Mhusika mwenyewe ni wa zamani zaidi: Donkey Kong alibuniwa na Mjapani Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo, mwaka 1981.

Ni mchezo wa kukimbia na kuruka. Katika ule wa kwanza, mchezaji anamwongoza gorila, au rafiki yake mdogo Diddy, avuke mashimo, arukie kamba na kuwakanyaga adui. Akianguka shimoni, anapoteza uhai mmoja. Akikusanya ndizi 100, anaongezewa uhai mwingine.

Mchezo wa kwanza uliuza nakala zaidi ya milioni 9. Kilichowashangaza watu ni picha zake. Rare ilitumia kompyuta za bei kali za kampuni ya Silicon Graphics kuchora wanyama walioonekana kuwa na mwili na manyoya, wakati michezo mingine bado ilikuwa na vikaragosi bapa.

Kwa Mkongomani, kuna mambo mawili ya kushtua ndani yake. Eneo la kwanza la mchezo linaitwa Msitu wa Kongo. Eneo la pili ni migodi, ambako gorila anapanda kigari cha mgodini na kuruka reli zilizokatika. Hata hivyo, si Miyamoto wala ndugu Stamper waliokusudia kusimulia habari za Katanga. Msitu na migodi vilikuwa mapambo ya hadithi tu.

Wachoraji wa Rare walikwenda hata kwenye bustani ya wanyama ya Twycross, jirani na studio, kuwatazama gorila wa kweli. Waliona kwamba mwendo wa gorila haufai kwa mchezo wa kasi. Mwishowe, mbio za Donkey Kong zikaigwa kutoka kwa farasi.

Uhai mmoja tu

Hapo ndipo mchezo na Lubumbashi vinapoachana. Mnyama wa kwenye kioo anakimbia kama farasi na kufufuka kila anapokufa. Sokwe wa kweli ana uhai mmoja, na mama yake huzaa mara moja tu katika miaka kama mitano.

Mtoto wa sokwe hushikamana na mama yake kwa miaka mingi, na mama hamwachii mtu. Kwa hiyo mwindaji anayetaka kumuuza mtoto kwanza humuua mama, na mara nyingi sokwe wengine wanaojaribu kumtetea. Kila mtoto anayeonekana sokoni amefungwa kamba kiunoni ameacha maiti msituni.

Msitu wenyewe uko mbali na Lubumbashi, lakini mji uko kwenye njia ya biashara ya kuelekea Zambia na kusini mwa Afrika kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wanyama hupita humo kama bidhaa nyingine. Ndiyo sababu Franck na Roxane Chantereau walianzisha J.A.C.K. mwaka 2006. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya wanyama wachanga walionyang'anywa walanguzi Katanga.

Sheria iko wazi. Sokwe analindwa kikamilifu nchini, na sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira inatoa adhabu kwa wanaovunja ulinzi huo. Mkataba wa kimataifa wa CITES nao unakataza kumuuza nje ya nchi kwa biashara.

Kwa nini hawakulipa

Katika mchezo, Diddy anakataa kutoa ndizi. Anaingia kisiwa cha mamba na kumkomboa rafiki yake kwa nguvu. Kituo cha Lubumbashi nacho kilikataa kulipa, ingawa hakikuwa na jeshi la kupeleka popote. Franck Chantereau aliviambia vyombo vya habari vya kimataifa kwamba fedha hizo hazipo, na kwamba hata zingekuwepo, kulipa mara moja ni kuwaita watekaji warudi. Tena vituo vya namna hiyo viko katika nchi nyingine za Afrika. Navyo vingekuwa hatarini.

Uamuzi huo ulikuwa mgumu kwa watu waliowalea wanyama hao kwa chupa ya maziwa. Lakini hesabu yake inamhusu kila mkaaji wa mji. Mtu anayekuta mtoto wa sokwe anauzwa, akamwonea huruma na kumnunua, anadhani amemwokoa. Muuzaji yeye anaona kitu kimoja: mali imetoka, arudi msituni kutafuta nyingine.

Njia iliyo salama ni kutotoa hata faranga moja, na kuwaarifu wahusika wa taasisi ya uhifadhi wa mazingira, ICCN, ili mnyama anyang'anywe kwa sheria. Katika mchezo, ndizi 100 zinarudisha uhai. Msituni, fedha ya mnunuzi ndiyo inayolipia risasi ya kumuua mama mwingine.